Kompyuta Iliyoamka Kila Siku Mwaka 2009

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na ugonjwa mmoja ambao nilishauzoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Kila asubuhi nikifungua steshenari, nikichomeka waya ukutani na kubonyeza kitufe, saa ya pembeni mwa kioo ilisoma 01/01/2009. Sikuwa naishangaa tena. Hapa Chikongola, Mtwara, umeme hupanda na kushuka bila hodi, na mimi nimeshaunguza pawa saplai mbili, kwa hiyo jioni kabla ya kufunga nachomoa kila kitu. Kompyuta ikishachomolewa, kinachoifanya ikumbuke tarehe ni kibetri cha duara kilichobanwa kwenye bodi ya ndani, CR2032, ndugu yake yule wa rimoti ya gari. Changu kilikufa zamani. Siku nikiwa na kazi ya mtandaoni nilirekebisha tarehe kwa mkono, maana Chrome ilikataa kufungua tovuti ikidai saa yangu iko nyuma. Siku nisipokuwa na kazi hiyo niliiacha ilivyo. Barua haiulizi leo tarehe ngapi, tarehe naiandika mwenyewe.

Naomba hilo la saa ulishike, nitalirudia.

Niliinunua mwaka 2013, Dell ya mtumba yenye Windows 7. Ndani yake kulikuwa na watu. Barua za kuomba kazi, wasifu, mikataba ya kupanga chumba, kadi za harusi, vipeperushi vya arobaini, ripoti za wanachuo, orodha za wakulima wa vyama vya msingi vya korosho. Mtu anatokea baada ya miaka minne, anasimama mlangoni: "Mama, ile barua yangu ya mwaka ule bado ipo?" Ipo. Namtolea, anabadilisha tarehe na jina la mkurugenzi, anaondoka. Karatasi na wino kila mtu anauza. Mimi nauza hiyo "ipo".

Lakini mashine ilikuwa imechoka. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 14, 2020, na mwanzoni mwa 2023 Chrome nayo ikaishia toleo la 109 kwa sisi tuliobaki huko. Vijana wanakuja kuomba mikopo ya elimu ya juu au kujaza maombi ya ajira, ukurasa unafunguka nusu, kitufe cha kutuma hakionekani. Wanakwenda steshenari ya jirani. Ukiona mteja anavuka barabara na karatasi zake mkononi, utanunua kompyuta tu.

Mwanzoni mwa Mei 2024 nikatuma hela Kariakoo, laptopu ya mtumba yenye Windows 11. Niliitaka laptopu kwa sababu ya betri: umeme ukikatika katikati ya barua, barua inabaki. Nikaahidiwa itapanda basi mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki huo, Jumamosi Mei 4, kimbunga Hidaya kikaingia pwani. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, na sisi wa Mtwara na wenzetu wa Lindi tukakaa kama watu wa kisiwani. Laptopu yangu ikabaki Dar kwenye boksi. Ilipokuja kunifikia, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikuwa imekatika, Jumapili Mei 12, na intaneti ya nchi nzima inakwenda kwa kuchechemea. Mpango wangu ulikuwa kupandisha mafaili yote mtandaoni usiku, kisha niyashushe upande wa pili. Nashukuru ulivunjika. Mafaili yalikuwa GB 38, na mimi natumia bando la simu.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Fundi alisema atakuja baada ya siku mbili, mimi nikashindwa kungoja. Nilikuwa na flashi niliyoweka akiba ya folda moja, KOROSHO, katikati ya msimu uliopita. Nikaichomeka kwenye laptopu, nikakopi folda nzima ndani, nikaanza kazi kwa raha zangu.

Fundi alipofika, kijana mpole mwenye mikono myepesi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, mafaili yako yanakaa wapi?"

Nikamwonyesha kioo. "Si haya hapa mbele."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Akanionyesha kishale kidogo kilichojikunja kwenye pembe ya kila kipicha. Vile havikuwa mafaili, zilikuwa njia za mkato tu, kila moja KB 1 au 2. Ukikopi hizo ukazipeleka kwenye mashine nyingine, umehama na vibao vya mlangoni ukaacha nyumba. Mafaili yenyewe tuliyatafuta hadi adhuhuri. Mengine Documents, mengine diski D, na kazi karibu zote za mwaka 2019 zilikuwa ndani ya Downloads, kwenye folda ambayo sikuwahi kuipa jina, ile ambayo Windows huibatiza yenyewe na kuitia namba. Nisingekuwepo, yasingepatikana. Fundi anajua kompyuta, lakini folda yako isiyo na jina unaijua wewe.

Akafungua boksi la kompyuta ya zamani, akatoa diski, akaiunganisha kwenye laptopu kwa kebo ya USB. Kisha akafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Kwa kuwa folda ya KOROSHO ilikuwa tayari upande wa pili, aliniuliza: yakigongana mafaili ya jina moja, tubakishe lipi? Nikajibu kama ambavyo wengi wangejibu: "Lililo jipya." Akaandika robocopy, amri ya kukopi mafaili, kisha njia ya kutoka, njia ya kwenda, mwishoni akaweka /XO. Herufi hizo mbili zinaiambia kompyuta iruke faili lolote la huku ambalo tarehe yake ni ya nyuma kuliko la kule. Tukaenda kula. Tuliporudi kazi ilikuwa imekwisha, hakuna kosa hata moja kwenye orodha ya makosa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya vitu vidogo, na vyote vilihusu mazoea ambayo ile mashine ya zamani ilikuwa imejifunza kwangu.

Printa ilianza kuwasha taa ikidai karatasi huku trei imejaa. Nilitikisa tona, nikafuta rola kwa kitambaa, nikaizima na kuiwasha, asubuhi nzima. Kumbe laptopu ilikuja imepangwa kimarekani, kila waraka mpya unazaliwa kwa kipimo cha Letter, milimita 216 kwa 279, na mimi nimeweka A4, 210 kwa 297. Printa ilikuwa sahihi. Tarehe nazo zilikuwa mwezi kwanza, na saa ilikuwa ya pwani ya magharibi ya Marekani, tunapishana nayo saa kumi. Kubadilisha nchi iwe Tanzania na saa iwe ya Nairobi, UTC+03:00, hakukuzidi dakika tatu.

Halafu mzee mmoja mwenye nyumba akaja kuchapiwa mkataba wa mpangaji. Masharti yalikuwa (a), (b), (c), (d). Nilipompa karatasi akaisoma taratibu, akaniita: "Binti, hiki kiduara ndiyo muhuri wenyewe?" Nikaangalia. Sharti la tatu lilikuwa limegeuka ©. Word ukiandika c kwenye mabano huigeuza alama ya hakimiliki, isipokuwa umeikataza. Kwenye mashine ya zamani niliikataza miaka hiyo, nikasahau kwamba nilishawahi kuikataza. Makatazo ya namna hiyo hayahami na barua. Yanakaa kwenye folda iliyofichwa inayoitwa AppData, ambayo ukifungua diski kawaida huioni.

Humo humo ndimo ilimokuwa kamusi yangu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kwa miaka 11 kila nilipoandika jina la mtu au kijiji na Word ikalipigia mstari mwekundu, nilibofya nikaiambia ilihifadhi. Nanguruwe, Msimbati, Mahurunga, Kitaya, Nanyamba, Mnongodi, Kitangari. Majina ya ukoo ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Maneno ya Kiswahili cha kawaida kabisa. Ilifika mahali mstari mwekundu ukitokea najua kweli nimekosea. Kwenye laptopu kila neno likawa jekundu, ukurasa mzima kama mtoto mwenye surua, na katika wekundu huo makosa ya kweli yakapata pa kujificha. Nilichapa vipeperushi 60 vya arobaini vyenye jina la marehemu limekosewa herufi moja. Nilivirudia kwa hela yangu.

Fundi alipokuja mara ya pili, na mfuko wake wa ming'oko ya kuchemsha akila taratibu, alilipata faili lenyewe: CUSTOM.DIC. Ukilifungua kwa Notepad ni maneno matupu, moja kwa kila mstari, hakuna kingine. Nililisoma lote, kama mtu anayesoma daftari la mahudhurio la shule aliyosoma. Nikakutana na "tafadhari". Nimeifundisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikaifuta kabla fundi hajaiona, kisha tukalikopi faili mahali pake kwenye laptopu, na wekundu ukapungua siku hiyo hiyo.

Fonti za kadi za harusi tulizihamisha kwa kufungua folda ya Fonts na kukopi, hakuna hadithi. Skana ya zamani haikukubali kabisa. Draiva yake, programu ya kuiendesha, ilikuwa ya biti 32 na Windows 11 ni ya biti 64 tu. Nikaiweka kabatini. Na bando langu la GB 10 liliisha usiku mmoja nikiwa nimelala, kwa sababu wakati nawasha laptopu mara ya kwanza niliulizwa kama nataka mafaili yangu yahifadhiwe mtandaoni, nikasema ndiyo bila kusoma. Tangu hapo, hotspoti ya simu nimeiandikisha kwenye laptopu kama intaneti ya kulipia, ili isipakie vitu vikubwa kimyakimya.

Haya yote niliyasimulia kwa kicheko hadi karani aliporudi.

Karani wa chama kimoja cha msingi upande wa Nanguruwe, mteja wangu wa miaka mingi, alikuwa amechukua orodha ya wakulima, kurasa 11, kwa ajili ya mgao wa salfa, dawa ya mikorosho. Mei na Juni ni wakati wake. Mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua, ubwiriunga, ugonjwa wake, haungoji mtu. Alikuja siku mbili baadaye, mapema, kabla sijafagia. Hakuketi. Akafungua ukurasa wa nne, akaweka kidole.

"Mama, huyu bibi tulimzika Februari."

Nikanyamaza.

"Nimemwita mbele ya mkutano. Mkwe wake akainuka akatoka nje."

Nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba jina lile nililifuta. Aprili karani alikaa kwenye stuli hii hapa, tukarekebisha pamoja: marehemu watoke, mikorosho ya bibi igawanywe kwa watoto wake watatu, wanachama wapya waingie. Kazi ya siku nzima. Nikafungua faili kwenye laptopu. Tarehe: 14/11/2023. Ilikuwa orodha ya msimu uliopita, ile ya kwenye flashi.

Nikampigia fundi. Alikuwa Newala msibani. "Pole na msiba, fundi. Nina swali moja tu." Nikamweleza. Akakaa kimya kiasi kwamba nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Mama, ile kompyuta ya zamani saa yake si ilikuwa haishiki?"

Hapo nikaelewa kabla hajamaliza. Orodha ya Aprili niliihifadhi siku ambayo sikuwa na kazi ya mtandaoni. Kwa kompyuta ile, siku hiyo ilikuwa Januari 1, 2009. Orodha ya Novemba niliihifadhi siku niliyorekebisha tarehe. Kwa hiyo robocopy ilipolinganisha, ikaona faili la 2009 na faili la 2023, ikafanya nilichoiagiza: ikabakisha jipya. Haikutoa kosa kwa sababu halikuwepo kosa la kutoa.

Na boksi la zamani lilikuwa limeshapata mteja. Jirani anayeuza vitenge alilitaka kwa ajili ya mwanawe, alishatanguliza nusu ya hela, na fundi alikuwa aje kulifomati Jumamosi ile. Msiba wa Newala ndio uliomchelewesha. Namshukuru Mungu, huku nikiona haya kushukuru juu ya msiba wa watu.

Nilirudisha diski ndani ya boksi, nikachomeka waya, nikabonyeza. 01/01/2009, kama kawaida yake. Faili lilikuwepo, bibi hayumo, watoto watatu wamo. Nilimchapia karani kurasa 11 bila malipo, na barua fupi ya kumwomba radhi yule mkwe. Alikataa barua. Alisema atazungumza naye mwenyewe.

Ila lile lilikuwa faili moja. Mangapi mengine? Nilitafuta kwenye diski ya zamani kila faili lenye tarehe ya Januari 2009 ambalo pia lilikuwepo kwenye flashi. Yakatoka 61. Tarehe sikuweza kuiamini tena, na kusoma mafaili mawili mawili mstari kwa mstari ni kazi ya kumaliza macho. Fundi, akiwa bado Newala, ndiye aliyenipa dawa: ndani ya sifa za kila faili la Word kuna namba ya marejeo, ambayo huongezeka kila unapohifadhi, iwe saa inasema kweli au uongo. Orodha ya kwenye flashi ilikuwa na 37. Ile ya Aprili 52. Basi nikawa nafungua mawili kwa pamoja, naangalia namba, kubwa inabaki. Jioni tatu, 48 kati ya 61 yalikuwa yameachwa nyuma. Mafaili ya Excel hayana namba hiyo, yalikuwa tisa, hayo niliyasoma kwa macho.

Kibetri nilinunua siku iliyofuata, shilingi elfu moja na mia tano. Fundi aliporudi akakibana kwa kidole gumba, kikalia "tik", saa ikashika hadi leo. Miaka yote ile. Elfu moja na mia tano.

Katika zile jioni tatu nilikuta na kitu kingine. Chrome ya zamani ilikuwa imehifadhi maneno ya siri ambayo hayakuwa yangu. Wanafunzi walioombea mikopo hapa, mwalimu aliyejaza fomu ya uhamisho, kijana aliyefunguliwa barua pepe yake ya kwanza, wote nilikuwa nikibonyeza "hifadhi" bila kufikiri, ili ukurasa usinisumbue. Fundi alikuwa amekopi folda ya Chrome nzima, alama za kurasa zikahama, maneno ya siri hayakuhama, kwa sababu Chrome huyafungia kwa ufunguo wa akaunti ya Windows ya mashine ile. Ningeweza kuyatoa kwa kuingia kwenye mipangilio na kuyaandika faili. Yangu nilitoa, yalikuwa manne. Ya watu nilifuta, moja moja, na kila jina nililolikumbuka sura yake niliona aibu. Kwenye diski hiyo pia kulikuwa na skani za vitambulisho vya taifa za mamia ya watu. Na kufomati kwa haraka hakufuti chochote, kunafuta orodha ya vilivyomo tu; mtu mwenye programu ya kuokoa mafaili anayarudisha.

Kwa hiyo jirani nilimwuzia boksi bila diski. Nikampunguzia bei, akanunua diski nyingine kwa fundi, kila mtu akaridhika, na mwanawe nasikia anacheza mpira humo usiku kucha. Diski yangu nimeifunga kwenye kipande cha khanga, iko droo ya chini, chini ya karatasi za kaboni ambazo hakuna anayenunua. Nimejiwekea kuikalisha hapo hadi msimu mzima wa korosho upite, Oktoba hadi mwisho wa minada, ili kila mteja wa mwaka awe amepita mlangoni na kuuliza kama barua yake ipo.

Karani bado anakuja. Hajawahi kulisema tena lile jambo. Lakini kila nikimkabidhi orodha, haanzi na ukurasa wa kwanza kama zamani. Analowesha kidole, anafungua wa nne, anashuka nao hadi pale alipokuwa bibi, anatikisa kichwa, ndipo anatia mkono mfukoni kutoa hela.